GB WhatsApp: kwa nini wengi tunaipenda, na inaweza kutugharimu nini

Chukulia hali hii. Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mweka hazina wa kikoba anafungua simu ili awatumie wanachama orodha ya marejesho ya wiki. Badala ya kuona ujumbe wake, anakuta maandishi yanayosema akaunti yake imefungiwa kwa muda, na saa inahesabu muda uliobaki. Orodha ya waliolipa, picha za daftari, ujumbe wa sauti wa wanachama walioomba mkopo, vyote vimo humo. Simu ni yake, laini ni yake, bando analo. Hakumtukana mtu na hakutuma picha mbaya. Tatizo ni moja tu: WhatsApp aliyokuwa anaitumia si WhatsApp yenyewe. Ni ile ambayo fundi simu alimwekea dukani, inayoitwa GB.

Mpenzi msikilizaji, huenda na wewe unayo. GB WhatsApp na ndugu zake, kama FMWhatsApp na YoWhatsApp, zimeenea sana katika nchi zetu. Watu wanarushiana kwa Bluetooth, mafundi wanaziweka wanapotengeneza simu, vijana wanawawekea wazazi wao. Na wanaozitumia wana sababu zao za maana. Katika makala hii tunaeleza sababu hizo, tunaeleza programu hizi zinafanyaje kazi, na tunaonyesha namna ya kutoka bila kupoteza kikundi chako.

Wakala na mtu wa chini ya mti

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Mtandao wa kijamii ni kitu kimoja, na programu unayoifungua kwenye simu ni kitu kingine. Mtandao wenyewe uko kwenye mitambo mikubwa ya kampuni, mbali na hapa. Programu iliyoko kwenye simu yako ni dirisha tu la kuingilia huko. Kampuni hutengeneza dirisha lake, na hilo ndilo tunaliita programu rasmi. Lakini watu wengine pia wanaweza kutengeneza madirisha yao, na hapo ndipo zinapozaliwa programu mbadala.

Programu mbadala ziko za aina mbili, na tofauti yake unaijua tayari kwa pesa za simu. Wakala wa pesa aliyeko kijijini kwako si mfanyakazi wa kampuni ya simu. Lakini kampuni inamfahamu, imempa namba ya uwakala, na kila muamala anaoufanya unapita kwenye njia ambayo kampuni imeiruhusu. Sasa fikiria mtu mwingine amekaa chini ya mti, amevaa fulana ya rangi ya kampuni, anasema, "Nipe simu yako na namba yako ya siri, nitakutolea pesa bila makato." Kampuni haimjui. Labda leo atakuhudumia vizuri kweli. Lakini namba yako ya siri anayo yeye.

Aina ya kwanza ya programu mbadala ni kama wakala: imetengenezwa na mtu mwingine, kwa ruhusa ya kampuni. Aina ya pili ni programu iliyochakachuliwa: mtu amechukua programu ya kampuni, ameifungua bila ruhusa, ameongeza na kubadilisha anachotaka, halafu ameifunga tena na kuigawa. GB WhatsApp ni ya aina hii ya pili.

Kwa nini watu waliikimbilia GB

Tusianze kwa kulaumiana. Watu wengi walihamia GB kwa sababu programu rasmi ilikuwa haiwapi wanachohitaji.

Sababu kubwa kwetu ni laini mbili. Wengi wetu tuna simu moja yenye laini mbili, moja kwa sababu ya bando la bei nafuu na nyingine kwa sababu ndiyo ndugu wanaijua, au ndiyo yenye mawimbi pale shambani. Kwa miaka mingi WhatsApp rasmi ilikubali namba moja tu kwenye programu moja. Mwenye kibanda aliyetaka namba ya biashara na namba ya nyumbani aliambiwa na jirani, "Weka GB," na tatizo likaisha siku hiyo hiyo.

Sababu ya pili ni faragha ya kawaida ya maisha. Mtu hataki kila mwenye namba yake aone kwamba yuko hewani saa nne usiku. Anataka kusoma ujumbe wa mdai wake bila tiki kugeuka bluu. GB iliruhusu kuficha vitu hivi vyote mapema, wakati programu rasmi ilikuwa bado haijafika huko.

Sababu ya tatu ni mipaka ya kutuma. Programu rasmi ilikuwa inabana ukubwa wa video na idadi ya picha za kutuma kwa mara moja. Ujumbe wa kupelekwa mbele nao una mpaka: tangu mwaka 2019 unaweza kuupeleka kwa watu au vikundi vitano tu kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ujumbe ambao umeshapelekwa mbele mara nyingi unaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa wakati. Mwenyekiti wa kitongoji mwenye vikundi kumi na viwili vya kutangazia mkutano anauona mpaka huu kama usumbufu.

Halafu kuna mambo mengine: kuhifadhi stetasi ya mtu, kusoma ujumbe ambao aliyeutuma ameshaufuta, kubadilisha rangi na maandishi. Na kuna wenye simu za zamani, ambazo programu rasmi huziacha kila baada ya muda.

Si kila programu mbadala ni mbaya

Ni vizuri kujua kwamba duniani kuna programu mbadala zilizoheshimika sana, na hata sisi tunatumia matunda yake bila kujua.

Twitter, ambayo leo inaitwa X, ilianza mwaka 2006. Katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na programu yake rasmi ya simu za kisasa. Ilifungua mlango na kuruhusu watengenezaji wengine waunganishe programu zao. Mwaka 2007 kampuni ndogo ya Marekani, Iconfactory, ilitoa programu iitwayo Twitterrific. Mwaka 2008 mtengenezaji Loren Brichter alitoa nyingine iitwayo Tweetie. Ndani ya Tweetie ndimo alimobuni kile kitendo tunachokifanya kila siku, cha kuvuta kioo chini kwa kidole ili kuona habari mpya. Mwaka 2010 Twitter iliinunua Tweetie na kuigeuza kuwa programu yake rasmi ya iPhone. Kwa hiyo dirisha rasmi lilianza kama dirisha la mtu wa kando.

Hata baada ya hapo, watu wengi waliendelea kupendelea programu za kando. Programu rasmi ilijaa matangazo, na mashine ndiyo iliyochagua kipi ukione kwanza. Programu mbadala zilionyesha maandishi kwa mpangilio wa muda, la mwisho likiwa juu, bila vurugu.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Reddit, mtandao wa Marekani wenye maelfu ya vikundi vya majadiliano. Reddit ilitoa programu yake rasmi ya simu za iPhone na Android mwaka 2016 tu. Kabla yake na baada yake watu walitumia programu za wengine, na moja iliyopendwa sana ni Apollo, iliyotengenezwa na Christian Selig wa Kanada. Watumiaji wasioona walizitegemea programu hizi kwa jambo zito zaidi. Mtu asiyeona hutumia simu kwa kusikiliza sauti inayomsomea kilichopo kwenye kioo. Programu rasmi ya Reddit ilikuwa haisomeki vizuri kwa sauti, na baadhi ya programu za kando zilisomeka. Kwao programu mbadala ndiyo iliyowawezesha kushiriki.

Na Telegram, ambayo wengi wetu tunayo, mpaka leo inaruhusu rasmi watu wengine watengeneze programu za kuingilia kwenye mtandao wake. Huo ni uwakala wa wazi.

Mwenye mlango akiamua kuufunga

Lakini hata wakala halali ana udhaifu wake: anafanya kazi kwa ruhusa ya mwenye mali. Mwaka 2023 ulionyesha jambo hili vizuri.

Januari mwaka huo, miezi michache baada ya Elon Musk kuinunua Twitter kwa dola bilioni 44, watumiaji wa Twitterrific, Tweetbot na nyingine waliamka na kukuta programu zao haziunganishwi. Hakukuwa na tangazo lililowatangulia. Baada ya siku kadhaa kanuni zikabadilishwa kuzuia programu za namna hiyo, na kazi ya zaidi ya miaka 15 ikaishia hapo.

Aprili mwaka huo huo Reddit ilitangaza kwamba itaanza kuwatoza pesa wenye programu za kando. Selig alipopigiwa hesabu, alieleza kwamba kwa matumizi ya Apollo angetakiwa kulipa takriban dola milioni 20 kwa mwaka. Hakuwa na uwezo huo. Mwezi Juni maelfu ya vikundi vya Reddit vilifungwa kwa siku kadhaa kama mgomo, lakini kampuni haikurudi nyuma. Apollo ilizimwa tarehe 30 Juni 2023. Programu chache zisizo za biashara zinazowasaidia wasioona ziliruhusiwa kuendelea baada ya watu hao kupaza sauti.

Tunayaeleza haya ya Marekani kwa sababu yanatufundisha jinsi ya kupima. Hao walikuwa mawakala halali, wanaojulikana kwa majina, wenye anwani, na wengine walipofunga walirudisha pesa za wateja waliokuwa wamelipia. Hata hivyo programu zao zilizimwa kwa uamuzi wa upande mmoja. Sasa tujiulize, ikiwa wakala anayejulikana anaweza kufungiwa hivyo, mtu wa chini ya mti atatuachia nini siku akiondoka?

GB inasimama wapi

WhatsApp haijawahi kuwaruhusu watu wengine watengeneze programu za kutumia akaunti zake kama Twitter ilivyofanya. Kwa hiyo GB haina ruhusa ya leo wala ya jana. Ndiyo maana huipati kwenye Play Store. Unaipata kwenye kurasa za intaneti zisizo na mwenyewe anayejulikana, au kwa faili ambalo rafiki amekurushia.

WhatsApp inaweza kutambua akaunti inayoingia kwa programu iliyochakachuliwa. Mwanzoni mwa mwaka 2015 iliwafungia kwa saa 24 watu waliotumia programu kama hiyo iliyoitwa WhatsApp Plus. Tangu wakati huo utaratibu umebaki ule ule: kwanza unafungiwa kwa muda, na usipohamia programu rasmi unaweza kufungiwa moja kwa moja. Kinachofungiwa ni namba yako, si simu. Ile namba ambayo wateja, ndugu na wanakikundi wanaijua ndiyo inayoondoka hewani.

Hatari ya pili haionekani kwa macho, nayo ni kubwa kuliko ya kufungiwa.

Ujumbe wa WhatsApp husafiri kama barua ndani ya bahasha iliyofungwa. Tangu Aprili 2016 bahasha hiyo hufungwa kwenye simu ya anayetuma na kufunguliwa kwenye simu ya anayepokea tu. Njiani hata kampuni yenyewe haiwezi kuisoma. Lakini barua inaandikwa na kusomwa kwenye programu. Programu ndiyo inayoiona kabla haijafungwa na baada ya kufunguliwa. Programu ikiwa imechakachuliwa, aliyeichakachua anaweza kuweka jicho lake hapo ndani, na bahasha haitakusaidia kitu.

Haya yameshatokea. Mwaka 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky iligundua kwamba toleo moja la FMWhatsApp lilikuwa limebeba programu haribifu iitwayo Triada. Programu ya namna hiyo inaweza kufungua matangazo bila mwenye simu kujua na kumwandikisha kwenye huduma za kulipia, kwa hiyo salio na bando vinaliwa kimya kimya. Mwaka 2022 Kaspersky hao hao waligundua toleo la YoWhatsApp lililokuwa linaiba funguo za akaunti. Mwenye funguo hizo anaweza kuitumia akaunti yako kana kwamba ni wewe.

Hatusemi kwamba kila faili la GB lina wizi ndani yake. Yako matoleo mengi, yanatolewa na watu tofauti, chini ya jina lile lile. Shida iko hapo hapo: hujui lako limetoka kwa nani, na hata fundi aliyekuwekea hajui. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Sheria hizi zinakupa haki dhidi ya anayetumia vibaya taarifa zako. Lakini ili ushitaki lazima umjue wa kumshitaki.

Na jambo hili si lako peke yako. Mtu mmoja mwenye GB akiwa kwenye kikundi cha watu arobaini, ujumbe wote wa kikundi unapita kwenye programu yake. Namba za simu, picha za watoto, kiasi alichochanga kila mtu kwenye msiba, vyote vinaonekana kwenye dirisha hilo. Wale thelathini na tisa wanaweza kuwa makini kiasi gani, mlango mmoja umebaki wazi.

Mambo ambayo sasa programu rasmi inayafanya

Habari njema ni kwamba sababu nyingi zilizotupeleka GB zimepungua nguvu. Ushindani ulifanya kazi yake. Haya yote yapo kwenye WhatsApp rasmi, bila malipo.

Laini mbili. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp ilianza kuruhusu akaunti mbili ndani ya programu moja kwenye simu za Android. Fungua mipangilio, angalia karibu na jina lako, gusa alama ya kuongeza akaunti, kisha weka namba ya laini ya pili. Njia nyingine ni kuweka WhatsApp ya kawaida kwa namba ya nyumbani na WhatsApp Business kwa namba ya kazi. WhatsApp Business ni ya kampuni ile ile na ni bure tangu mwaka 2018.

Kuficha kwamba uko hewani. Tangu mwaka 2022 unaweza kuchagua nani aone muda uliofika mara ya mwisho na nani aone kwamba uko hewani. Unaweza pia kuwaondoa watu fulani tu. Ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya faragha.

Tiki za bluu. Unaweza kuzizima hapo hapo kwenye faragha. Ujue tu kwamba ukizizima na wewe hutaona za wengine, na kwenye vikundi zinaendelea kuonekana.

Mafaili na picha. Sasa unaweza kutuma faili la hadi GB 2, na picha unaweza kuchagua ziende kwa ubora wa juu. Kumbuka ubora wa juu unakula bando zaidi.

Vikundi vikubwa. Kikundi kinaweza kuwa na watu 1,024. Kwa mwenyekiti wa kitongoji mwenye vikundi vingi, kuna njia ya kuviunganisha chini ya jumuiya moja na kutuma tangazo mara moja likawafikia wote. Kuna pia orodha ya matangazo ya hadi watu 256, ila ujumbe utamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake.

Kuokoa bando. Kwenye sehemu ya data na hifadhi, zima kupakua picha na video zenyewe. Wengi wakifanya hivi wanashangaa bando lao linavyodumu.

Yapo ambayo programu rasmi bado haiyatoi, na mengine haitayatoa. Kusoma ujumbe uliofutwa, kuchukua stetasi ya mtu bila yeye kujua, kupeleka ujumbe mbele kwa watu mia. Tukiyatazama vizuri, haya hutupa sisi nafuu kwa kumnyima mwingine kitu. Aliyefuta ujumbe alikuwa na sababu yake. Na ule mpaka wa kupeleka mbele uliwekwa kupunguza kasi ya uvumi, baada ya watu kuuawa nchini India mwaka 2018 na makundi ya raia wenye hasira kufuatia uvumi wa wezi wa watoto uliosambaa kwa WhatsApp. Usumbufu wa mwenyekiti wetu ni wa kweli, lakini sababu ya mpaka huo nayo ni ya kweli.

Utajuaje ya kwako ni ipi

Kama uliwekewa na mtu mwingine, huenda hujui unatumia ipi. Angalia dalili hizi. Kwenye menyu kuna mipangilio ya ziada yenye jina la GB, FM au Yo. Unaweza kubadilisha rangi ya programu nzima na kuona ujumbe uliofutwa na wenzako. Ikitaka kusasishwa inakupeleka kwenye ukurasa wa intaneti, si Play Store. Sasa fungua Play Store, tafuta WhatsApp Messenger. Ukikuta inakuambia usakinishe, wakati tayari una WhatsApp kwenye simu, basi karibu hakika uliyonayo si rasmi.

Jinsi ya kuhama bila kupoteza kikundi

Usikimbilie kufuta. Fuata hatua hizi, ukiwa na bando la kutosha na chaji.

Kwanza, okoa vilivyo muhimu wakati bado unaingia. WhatsApp haitoi uhakika kwamba mazungumzo ya GB yatahamia kwenye programu rasmi. Kwa hiyo hesabu za kikoba zinakili kwenye daftari. Mazungumzo usiyotaka kuyapoteza yafungue, ingia kwenye nukta tatu za juu, chagua kuyahamisha, uyatume kwa barua pepe. Picha za daftari na risiti ziweke kwenye kadi ya kumbukumbu au umrushie mtu unayemwamini.

Pili, hakikisha kila kikundi unachokiongoza kina kiongozi wa pili. Hata ukikaa siku moja nje, kikundi kitaendelea. Hili ni jambo la kufanya hata kama hutumii GB.

Tatu, hakikisha laini yako iko kwenye simu na inapokea ujumbe. Utatumiwa tarakimu sita. Tarakimu hizo usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni fundi au mhudumu wa kampuni.

Nne, sasa futa GB, nenda Play Store, pakua WhatsApp Messenger, uingie kwa namba ile ile. Vikundi vyako vimefungamana na namba, kwa hiyo utajikuta bado umo. Kama umeshafungiwa kwa muda, hatua ni hii hii: weka programu rasmi, subiri muda uishe.

Tano, funga milango. Kwenye akaunti washa uthibitisho wa hatua mbili, uchague namba ya siri ya tarakimu sita unayoikumbuka. Kisha angalia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta au simu usiyoijua, iondoe papo hapo.

Sita, rudi kwenye mipangilio ya simu yenyewe. Fundi alipoweka GB alilazimika kuiruhusu simu ipokee programu kutoka nje ya Play Store. Ruhusa hiyo mara nyingi hubaki wazi. Ifunge.

Kabla ya kupakua programu yoyote ya kando

Hatusemi programu rasmi ni bora siku zote. Tumeona kwamba Tweetie na Apollo ziliwazidi wenye mtandao, na wasioona walipata kwa watu wa kando kile ambacho kampuni haikuwapa. Kwa hiyo usikatae programu kwa sababu tu si rasmi. Jiulize maswali matatu. Je, mwenye mtandao anairuhusu? Je, aliyeitengeneza anajulikana kwa jina na mahali alipo? Na ikizimwa kesho asubuhi, nitapoteza nini?

Kwa programu ya kuangalia habari au michezo, jibu la swali la tatu linaweza kuwa "si kitu". Kwa programu iliyobeba namba ya biashara yako, siri za ndugu na hesabu za watu arobaini, jibu ni jingine kabisa.

Na tuwakumbuke wazee wetu. Baba au mama aliyewekewa GB na mjukuu hajui kwamba kuna tofauti. Leo jioni ukikaa naye, mwombe simu yake, mwangalizie pamoja. Mwambie unachokifanya kabla hujafuta chochote, kwa maana humo ndani huenda kuna sauti ya mtu ambaye hatamsikia tena.